Krismasi Niliyomuua Mtani Wangu

Kitabu changu cha kumi na mbili nilikiandika kwa hasira, na mtu niliyemkasirikia alikuwa mimi mwenyewe. Nasema mapema kwa sababu watu wa Mpanda wanadhani mwandishi anaamka asubuhi, anakunywa chai, kisha maneno yanamshukia kutoka juu. Mimi hayakunishukia. Mimi nilikuwa nimegombana na jirani.

Nina steshenari pale Kashaulili, hatua chache kutoka sokoni. Natoa kopi, napiga picha za pasipoti, nachapa barua za kuomba kazi na risala za harusi. Katikati ya kazi hizo naandika vitabu vidogo vya upelelezi, kurasa themanini hivi, jalada la manila, pini mbili za stepla mgongoni. Nachapa mwenyewe, nabana mwenyewe, nauza mwenyewe juu ya kaunta, na vingine vinaondoka na mabasi kwenda Usevya na Mishamo. Mpelelezi wangu ni yule yule toka kitabu cha kwanza: mkunga mstaafu, mama mnene mwenye baiskeli, ambaye huwezi kumdanganya kwa sababu nusu ya mji aliipokea yeye mwenyewe ikizaliwa. Mtu anauawa, polisi wanamkamata asiyehusika, mkunga anafika na baiskeli yake, anakaribishwa chai, anauliza maswali ya kijinga. Wasomaji wangu wanaujua mpangilio huo, na nikiugusa kidogo tu wananipigia simu kunigombeza.

Huyo mkunga nilimtoa kwa mama yangu. Mama alikuwa mwembamba na baiskeli hakuijua, lakini alifanya kazi ya ukunga miaka yote, na yale maswali ya kijinga ni ya kwake.

Baraza letu lina fremu mbili za maduka. Moja yangu, ya pili ya fundi cherehani, mwanamke wa rika langu, Mnyamwezi. Mimi Mfipa. Kwa hiyo tulikuwa watani kabla hatujazaliwa, maana makabila yetu yamekuwa yakitaniana tangu enzi za mababu, sisi tumerithi tu. Mtani ana ruhusa zote. Anaweza kukutukana mbele ya mkweo, kuondoka na jogoo wako, kukalia kiti chako kwenye msiba wako mwenyewe. Wewe kazi yako ni moja: usikasirike. Anayekasirikia utani ndiye mwenye kosa, na hakuna mtu atakayemtetea.

Miaka kumi na minane tumekaa hivyo. Asubuhi mimi nakuja na chupa ya chai, yeye anakuja na viazi vitamu au michembe, vile viazi vilivyokaushwa. Yeye anawaonya wateja wangu wasinijibu vibaya, eti Wafipa hutuma radi, huyu atawapiga moja. Mimi nawaambia wateja wake wajaribishe nguo kabla ya kuondoka, maana Wanyamwezi walizoea kubeba mizigo, kushona wamejifunza ukubwani. Na kila kitabu changu kikitoka, msomaji wa kwanza ni yeye. Anasoma huku mguu uko kwenye pedeli ya cherehani, na akifika ukurasa wa kumi anapaza sauti baraza zima lisikie: "Muuaji ni shemeji yake. Nyie msisumbuke kununua." Basi watu wananunua zaidi, kila mmoja anataka kuona kama amekosea. Hakosei mara nyingi, na hilo linaniuma mpaka leo.

Mama alipofariki, yeye ndiye aliyetufanya tuvuke zile siku. Alikuja msibani kama mtani, akavaa gauni jeupe la kazi la mama, akavaa miwani ya mama, akawa anapita katikati ya waombolezaji na kuwauliza kwa sauti ya mama kabisa: "Wewe umekula? Na mbona unalia vilevile kama siku uliyozaliwa?" Nilicheka mpaka nikashika nguzo ya turubai nisianguke. Ilikuwa mara ya kwanza kuvuta pumzi vizuri tangu tulipotoka hospitali. Siku tatu hakwenda kwake, na masufuria yote ya msiba aliyaosha yeye.

Sasa sikieni nilichomlipa.

Kitabu cha kumi na moja nilikiandika nikiwa bado na msiba kifuani, na kilikuwa kibaya. Nakubali. Mkunga alizunguka na baiskeli kurasa arobaini bila kumwuliza mtu swali lolote. Kilitoka siku chache baada ya arobaini ya mama. Mtani wangu akakaa kwenye cherehani yake, akasoma, akafika ukurasa wa kumi, akapaza sauti mbele ya wateja: "Mfipa, mkunga wako amechoka. Muue tu apumzike, na sisi tupumzike."

Ningecheka yangeisha. Badala yake nilizunguka kaunta, nikaenda kusimama mlangoni kwake, nikamwambia: "Wewe hujawahi kuzaa. Utajuaje mama ni kitu gani."

Kwa watani hata neno hilo lingepita. Tungekuwa tunacheka, angenijibu kitu kibaya mara mbili na jioni tungesimuliana tena. Lakini mimi sikuwa nacheka, na yeye aliona. Alijua pia kwamba ninajua. Miaka mingi alikuwa akienda nyumbani kwa mama yangu kutafuta msaada wa kupata mtoto, akikaa naye jikoni wakinong'ona, na mtoto hakuja, lakini kwenda hakuacha. Mteja aliyekuwa akipimwa kiuno aliinamisha macho. Mtani wangu alitoa pini zilizokuwa mdomoni, akazirudisha kwenye kopo lake moja moja.

"Samahani, madam," akasema.

Nyie hamjui adhabu ya heshima. Kuanzia kesho yake aliniamkia vizuri kila asubuhi. "Habari za asubuhi, madam. Umeamkaje? Nyumbani hawajambo?" Alikuja na chupa yake ya chai. Wateja wangu hakuwaonya tena habari za radi. Mtu akiuliza steshenari nzuri iko wapi alimwelekeza kwangu kwa adabu, kwa mkono wa kulia. Tulichuniana kistaarabu miezi kadhaa, na kila "madam" ilinichoma. Mimi nina hasira za karibu, lakini kuomba radhi sijui. Ulimi unakuwa mzito, natafuta kazi ya kufanya, nafuta vumbi ambalo halipo.

Kisha nikasikia anatafuta fremu stendi. Hakuniambia yeye, aliniambia mteja: fundi amepata nafasi kule, mwezi wa kwanza anahamisha cherehani. Nilirudi nyumbani nikamwaga yote kwa mume wangu. Mume wangu ni mtu wa Usevya, Mpimbwe, mkulima wa mpunga, na maneno anayatoa kwa kipimo.

"Nitamwandikia barua ya kuomba msamaha," nikasema.

Alifikiri muda mrefu. "Mtani haombwi msamaha kwa barua," akasema. "Ukimwandikia barua umemthibitishia kwamba si mtani wako tena. Ulimwondolea utani. Mrudishie utani."

"Namrudishiaje?"

"Mwandishi ni wewe," akasema, akaendelea kula.

Nikamrudishia. Nilimuua.

Wasomaji walikuwa wameniomba kitabu cha Krismasi siku nyingi, na mimi sikuwa na mauaji ya Krismasi ya kuaminika. Sasa nilikuwa nayo. Kitabu kinaitwa *Gauni Lisilo na Mikono*. Tarehe ishirini na nne Desemba, asubuhi, fundi mmoja wa kike, Mnyamwezi, anakutwa amekufa kichwa kikiwa juu ya cherehani, kitambaa chekundu cha satini bado kiko chini ya sindano. Polisi wanatafuta mtu mwenye sababu ya kumuua na wanagundua kwamba mji mzima unayo, kwa kuwa mji mzima ulipeleka vitambaa vya nguo za Krismasi toka Oktoba na mji mzima uliambiwa njoo kesho. Mwenyekiti wa kwaya sare zake ishirini hazina kola. Baba mmoja ana mabinti wanne na gauni moja. Bibi harusi amekuta shela lake limekatwa kwa vipimo vya mama yake. Kila mmoja wao, mbele ya mashahidi, alishawahi kusema atamuua yule fundi. Yeyote aliyewahi kushona nguo ya sikukuu Tanzania hii anajua sikutia chumvi hata punje.

Polisi wanamkamata mwenyekiti wa kwaya. Mkunga anafika na baiskeli, anakaribishwa chai, anauliza swali lake la kijinga: "Marehemu alikunywa nini asubuhi?" Chai. "Nani alimpa?" Hapo kila mtu anakwama. Hakuna anayekumbuka, maana miaka kumi na minane mtu huyo huyo amekuwa akimmiminia chai marehemu, na marehemu anaipokea bila kuinua macho kwenye kitambaa. Muuaji ni mwenye steshenari ya jirani. Kwenye ukurasa wa mwisho anakiri mwenyewe: nilimuua kwa sababu aliniambia ukweli kuhusu kitabu changu.

Kilikuwa kitabu kizuri. Niliandika mvua za Novemba zikigonga bati, umeme unakatika, nafungua simu nipate mwanga, nacheka peke yangu, nalia peke yangu. Mkunga alirudi kuwa mama kabisa.

Katikati ya Desemba kikatoka. Nakala ya kwanza niliipitisha chini ya mlango wa fundi kabla hajafika, nikaingia kwangu nikajifanya nahesabu bahasha. Nikamsikia anafungua kufuli. Kisha akaja na kitabu mkononi, amekipangusa vumbi.

"Madam, umedondosha kitabu chako," akasema, akakiweka juu ya kaunta kwa mikono miwili.

Nilimshukuru. Yaani mimi, mbele ya mtani wangu, nilisema "asante sana." Aibu hiyo siisahau.

Lakini kitabu kilikuwa kimeshaingia mjini. Kundi la WhatsApp la wasomaji halikulala. Ndani ya siku mbili wateja wakaanza kumfuata: "Fundi, pole na kifo chako." Mmoja akamletea kilo ya sukari, eti rambirambi, apelekewe marehemu popote alipo. Mwingine akaja amefunga kanga kiunoni kimsiba, akauliza kama suruali yake imo kwenye urithi. Yeye aliwajibu wote kwa upole, asante, karibu, pita. Hakuuliza ni kitabu gani. Mimi upande wa pili wa ukuta wa mbao nilikuwa nasikiliza kila neno, na kila siku niliona amefunga marobota mawili matatu ya vitambaa kwa ajili ya kuhama.

Tarehe ishirini na tatu akaja mama mmoja kutoka Mishamo. Alishuka kwenye bodaboda amejaa vumbi mpaka kope, mgongoni amefungiwa mfuko wa maharage. Alisimama mlangoni kwa fundi, akapiga hodi ya chini.

"Poleni sana," akasema. "Nimekuja msibani."

Cherehani ikanyamaza. "Msiba wa nani, mama?"

"Wa fundi wa hapa. Yule Mnyamwezi. Mtoto wa dada yangu alitumiwa kwenye simu, akatusomea baada ya sala. Tumesikia wamemkuta amelala juu ya cherehani. Tulilia, haki ya Mungu. Watu wa kanisani wakachanga haya maharage."

Nilishika mdomo wangu kwa mikono yote miwili. Kumbe mtu alipiga picha kurasa za mwanzo akazirusha, zikafika Mishamo bila jalada, bila jina la kitabu, na watu wema wa kule wakazipokea kama taarifa ya kifo.

Kisha nikamsikia mtani wangu anasema taratibu: "Ni mimi, mama. Mimi ndiye marehemu. Karibu kiti."

Yule mama alikaa. Halafu akampa mkono, na kwa tundu la ukuta niliona ule mkono mwingine umeshika kiwiko, kama wanavyosalimiana watu wa kule Mishamo kwa heshima.

"Mungu ni mwema," akasema. "Basi kitenge changu nilichokutumia kwa mtu mwezi wa kumi kipo?"

"Kipo. Njoo kesho," akasema marehemu.

Hapo nikasikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia kwa miezi: kicheko chake kikitokea puani, anakizuia kwa kiganja. Nilikaa chini sakafuni nyuma ya mashine ya kopi, nikajifuta machozi.

"Na walisema nimekufa kwa nini?" akauliza alipopata pumzi.

"Kwa chai."

"Chai ya nani?"

"Hatujafika huko. Zilikuja kurasa chache tu."

Mama wa Mishamo aliondoka na ahadi yake ya kesho, maharage akayaacha, alisema hawezi kuyarudisha kwa watu waliokwisha kulia. Dakika chache baadaye fundi akasimama mbele ya kaunta yangu.

"Madam, kile kitabu bado kipo?"

Nikampa. Nikarudi kwenye bahasha zangu nikasubiri ukurasa wa kumi. Nilijua mwendo wake wa kusoma, nilihesabu na dakika. Ukurasa wa kumi ulipita, akanyamaza. Ishirini. Cherehani haikulia hata mara moja, siku mbili kabla ya Krismasi, foleni ya wateja iko nje. Kisha nikasikia mlango unavutwa na kufuli linabanwa. Alipita mbele yangu bila kugeuka. Hata ile "madam" hakuisema.

Kesho yake, tarehe ishirini na nne, hakufungua.

Mnaelewa maana yake? Fundi cherehani hakufungua siku ya mkesha wa Krismasi. Kufika saa tatu baraza lilikuwa limejaa watu wanaotaka magauni, na nusu yao walikuwa wamesoma kitabu. Baba mmoja alinitazama kwa jicho la pembeni akaniuliza: "Mama steshenari, asubuhi ulimpa chai?" Wengine wakacheka, mimi sikucheka. Nilimpigia simu ikaita mpaka ikakatika. Niliamini nimeharibu kabisa. Niliona wazi: mtu nimemtukania utasa wake, halafu nimemuua, halafu nimemwuza juu ya kaunta. Nani aliwahi kuomba radhi namna hiyo? Nilimgombeza mume wangu jioni nzima kwa ushauri wake, naye akawa anachambua mchele.

Krismasi ilipita. Tulikwenda misa, tukarudi, tukala. Sikumwona kanisani, na mimi nilikuwa nimegeuza shingo misa nzima.

Siku ya pili yake, mchana, mvua imetoka kukatika, nilikuwa nyuma ya nyumba napika wali, mchele wa Usevya, mwiko mkononi, nikasikia vilio. Vilio vya msiba hasa, vya kupokezana. Nikatoka mbele. Wanyamwezi kama kumi na watano walikuwa wanaingia uani kwangu, wamevaa mashati ndani nje, wanawake wamejifunga majani kichwani, mzee muuza asali wa sokoni yuko mbele ameshika nakala ya kitabu changu. Katikati wanasukuma mkokoteni. Juu ya mkokoteni kuna mtu amelala chali, amefunikwa shuka jeupe mpaka kichwani, na kifuani juu ya shuka wameweka futi ya fundi na gauni jekundu la satini lisilo na mikono.

Walishusha mkeka, wakamlaza marehemu mbele ya ngazi zangu. Majirani walishajaa kwenye uzio. Mzee wa asali akafungua ukurasa wa mwisho, akasoma kukiri kwangu kwa sauti ya mahakamani.

"Mfipa, haya maneno uliandika wewe?"

"Niliandika mimi."

"Umekiri. Basi jogoo yule ni wetu." Jogoo wangu akakamatwa papo hapo, nikasikia akilalamika mikononi mwa mtu. "Na huo wali unaonukia ni wetu. Sasa sikiliza usia. Marehemu amesema wasifu wake asome muuaji mwenyewe. Ukisoma wa kweli, tunamzika hapa hapa Kashaulili, pembeni ya steshenari. Ukisoma wa uongo, tunamzika stendi, na kesho tunabeba cherehani."

Watu walicheka. Nami nilijua ule si mzaha, hata kama kila mtu alikuwa anacheka. Nilitazama shuka. Lilikuwa limetulia tuli. Kama chini yake alikuwa anatabasamu au amekunja uso, sikuweza kujua. Nimeandika risala za harusi na wasifu wa marehemu kwa nusu ya mji huu, na siku ile sikuwa na karatasi.

Nikaanza kama wanavyoanza wote. "Marehemu alizaliwa Unyamwezini, akabebwa mgongoni mpaka Mpanda, na hiyo ndiyo mara pekee Mnyamwezi alibebwa badala ya kubeba." Vicheko. "Katika uhai wake wote hakuwahi kumaliza nguo siku aliyoahidi. Ameacha magauni tisa hayana mikono, suruali sita hazina zipu, na kitenge kimoja cha Mishamo." Mzee wa asali akajipangusa macho. Shuka halikutikisika. Nilipoona halitikisiki nikashika mwiko kwa mikono miwili.

"Alisoma vitabu vyangu vyote kabla ya mtu mwingine yeyote," nikasema. "Aliniambia pale nilipokosea. Kitabu cha kumi na moja kilikuwa kibaya, alisema kweli, nami nilikwenda mlangoni kwake nikamwambia neno ambalo halisemwi. Wateja waliokuwepo walilisikia. Sikusema kwa utani. Nilisema ili limuume."

Mume wangu alisimama kutoka kwenye kiti chake.

"Nilimwambia hajui mama ni kitu gani. Wakati mama yangu alimwita binti, na yeye alimwita mama, na kwenda kumsalimia alikuwa anakwenda yeye mara nyingi kuliko mimi niliyezaliwa naye. Siku mama alipokufa yeye ndiye aliyevaa gauni lake akatuchekesha sote, kwa sababu ni mtani, ndiyo kazi ya mtani. Watu wote walinipa pole mimi. Yeye hakuna aliyempa. Mama aliyekufa alikuwa wa kwetu wote wawili, na mimi nilimwachia aoshe masufuria."

Nilibaki nimesimama na mwiko, kamasi zinanitoka mbele ya mtaa mzima, nikasema lile lililobaki: "Pole, mtani wangu. Pole kwa kufiwa na mama."

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyelia kwa mchezo. Nilisubiri, na sitamani kusubiri namna ile tena.

Kisha shuka likapanda juu kidogo kwenye kifua, likashuka. Sauti ikatoka chini yake, nzito, ya mtu aliyekuwa analia muda mrefu bila kusikika.

"Mfipa," ikasema, "rudia hapo pa mwisho. Watu wa nyuma hawajasikia."